Simu iliyovunjwa siku intaneti haipo

Mi ni fundi simu, niko Moshi mjini, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye hiki kibanda nimejifunza kutomuuliza mteja maswali mengi. Anakuja na simu imepasuka anasema imeanguka, unasema pole, unataja bei, basi, maana ukimchimba sana anahamia kibanda cha pili na wenzangu wapo hapo hapo wametega sikio. Ila ile Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 aliyeleta simu alikuwa dada yangu, tumbo moja, na akasema vile vile kama wateja wote, imeanguka.

Nikaigeuza geuza. Simu iliyoponyoka mkononi mara nyingi inatua na kona, ufa unaanzia pale unatambaa kama mzizi. Hii ilikuwa imelala bapa, kioo chote unga, fremu imepinda katikati na wino umevuja nusu ya skrini. Hiyo haijaanguka, hiyo imepigizwa chini. Nikamwambia dada, mi ni ndugu yako lakini pia ni fundi, usinidanganye kwenye kazi yangu. Akakaa kwenye ile stuli ya wateja akanyamaza weee, afu akasema, "Ni shemeji yako."

Kisa chenyewe wameniruhusu nikiandike, sharti majina yabaki nyumbani. Kwaiyo hapa kuna dada, shemeji, binti yao wa miaka 15 yuko kidato cha pili, wa kati ni mvulana wa miaka 11, na kadogo ka miaka 4 kako chekechea. Wanakaa Soweto, hii ya Moshi. Na kuna bibi mzaa baba, yuko juu Kibosho, ambaye ana kiswaswadu tu na ndo alimaliza hii kesi kuliko mimi.

Shemeji ni dereva wa watalii. Kama hujakaa huku kaskazini unaweza ukadhani ni kazi kama ya daladala, asubuhi unatoka jioni unarudi, hapana. Wageni wanashuka uwanja wa ndege wa KIA au wanalala Arusha, asubuhi anawabeba na Land Cruiser, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, siku 6 au 7 hajaonekana nyumbani, anarudi analala usiku mmoja au miwili, anapewa wageni wengine anaondoka tena. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni hivyo, Desemba mpaka Februari ni hivyo, na Julai mpaka Septemba nyumbu wakiwa wanavuka mto Mara kule Kogatende ndo kabisa umsahau. Mapumziko yake ni masika, Aprili na Mei, wenyewe wanaita lo sizoni. Mvua inanyesha, barabara za mbugani tope, wageni wachache, madereva wengi wapo nyumbani wanaangalia dari na hela inaisha taratibu.

Kwaiyo ukihesabu vizuri hii familia sehemu kubwa ya mwaka baba yao wamekuwa naye kwenye simu. Na siyo kwa kubahatisha. Saa 2 usiku wageni wakishaenda kula yeye anatafuta sehemu mtandao unaposhika anapiga vidio koli. Watoto wanajua, binti anatoka chumbani, wa kati anaacha mpira wa kwenye simu, kadogo kanagombania kushika. Anawaonyesha picha za simba aliowaona mchana, anauliza mmoja mmoja, we umekula nini, hesabu zimeendaje, nani kampiga kadogo. Dakika 15, 20, bando likiisha au mtandao ukikata basi mpaka kesho. Hii kaa nayo kichwani maana ndo kesi yote iko hapa.

Dada yeye anauza mitumba ya watoto. Asubuhi anaenda soko la Memorial belo zinapofunguliwa anachagua vizuri, anarudi anafua, anapiga pasi, anapiga picha anatupia stetasi WhatsApp. Wateja wako Arusha, Dodoma, Dar, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Biashara hiyo haina saa. Akina mama wanaonunua nguo za watoto wanashika simu jioni, watoto wao wakishakula, kwaiyo saa 1 mpaka saa 4 usiku ndo sokoni kwake kumechangamka. Na ile hela ndo inayolisha nyumba Aprili na Mei wakati shemeji hana wageni, hilo nalo kaa nalo.

Sasa ikaja lo sizoni ya 2024. Shemeji anasema (niliongea naye siku nyingine, kwenye bakuli la mtori, nikimlipia mimi ili asijisikie anahojiwa) kwamba alirudi nyumbani na hamu kweli. Alikuwa amechoka sauti za wageni na redio koli, anataka kukaa na watu wake. Siku ya kwanza ya pili mambo mazuri, wanamchangamkia, zawadi, pilau. Wiki ya pili akaanza kuona vitu. Anakaa kwenye kochi saa 1 jioni, mama kashika simu anajibu wateja, binti yuko chumbani na TikTok, wa kati anacheza gemu, kadogo hakali mpaka kawekewe katuni. Yeye kashika rimoti. Akisema jambo wanaitika "ee baba" bila kuinua macho. Akaniambia sentensi ambayo sijaisahau, "Mjomba, nyumbani kwangu mi ni mgeni, tena mgeni ambaye hajalipia."

Akaanza kutoa sheria. Simu marufuku mezani. Waifai aliyokuwa ameiweka mwenyewe akaibadilisha nywila, dada akanunua bando lake akaendelea kuuza. Binti akagoma kula mezani. Kila jioni kelele, na mimi huku sijui kitu, nauza protekta.

Jumapili ya tarehe 12 Mei ndo ikafika. Wengi mtakuwa mnaikumbuka, ile siku intaneti ilizimika nchi nzima, nyaya za chini ya bahari zile za EASSy na Seacom zilikatika na sisi Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi, WhatsApp haifunguki, ukipata ukurasa mmoja unashukuru Mungu. Na ilikuwa sikukuu ya akina mama, Jumapili ya pili ya Mei. Watu walikuwa na picha za mama zao tayari, maneno ya kuliza tayari, hamna pa kuposti. (Sijui wangapi siku ile waliamua basi wampigie tu mama mwenyewe. Mi nilimpigia, akaniuliza kuna msiba gani.)

Shemeji aliiona ile siku kama amejibiwa maombi. Walitoka kanisani, dada kapika ndizi nyama, wakakaa wote sebuleni, hamna cha WhatsApp hamna cha TikTok. Anasema moyoni alijisemea leo ndo leo, leo tutaongea.

Wakakaa. Hao watu watano wakakaa kama foleni ya kliniki. Binti anazima simu anawasha, anazima anawasha, labda itarudi. Wa kati kauliza kama wanaweza kuwasha runinga, baba akasema hapana leo tunaongea, mtoto akauliza, "Tunaongea nini?" Kweli mtoto kauliza vizuri, maana hakuna aliyejibu. Shemeji akaanza kumuuliza binti habari za masomo, binti akajibu nzuri. Akauliza mnasoma nini sasa hivi, akajibu vitu vingi. Ikawa kimya tena, unasikia sufuria tu jikoni na kadogo kanalia kanataka katuni.

Sasa dada alikuwa na mzigo umetumwa jana yake Arusha, magauni mawili ya watoto, mteja alitaka yafike kabla ya hiyo Jumapili na konda hapatikani. WhatsApp haipo ila simu za kawaida zilikuwa zinapiga. Akasimama akaenda pembeni ya dirisha akampigia mteja kumtuliza. Dakika moja, mbili, anaomba radhi, anacheka ile cheko ya biashara. Shemeji akanyanyuka akamwambia, "Hata leo? Hata leo mtandao haupo bado umeshika simu?" Akaichukua mkononi mwake akaibamiza kwenye sakafu. Watoto wanaona, kadogo kakanyamaza ghafla.

Kabla sijaenda kwenye uchambuzi niseme kitu kimoja nikiwa kama kaka wa dada. Kumpora mke wako kitu mkononi ukakivunja mbele ya watoto ni ukatili, hamna maelezo mengine, hata ungekuwa na hoja nzuri kama ya mwanasheria. Mtu wa namna hiyo huwezi kuanza kuongea naye habari za umuhimu wa familia kukaa pamoja wakati familia inamwogopa. Kwaiyo mimi sikumpigia shemeji siku ile kumuuliza habari za intaneti, nilimpigia kumwambia kioo ni elfu 65, fremu nitainyoosha bure, na hiyo elfu 65 unaitoa wewe siyo dada, na ukirudia hutokuja kuongea na mimi, utaongea na wazee. Akasema, "Sawa mjomba." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala macho.

Haya, sasa tuchambue. Kilichonishika ni ile siku yenyewe. Kama tatizo la ile nyumba lingekuwa ni intaneti basi tarehe 12 Mei ingekuwa siku nzuri kuliko zote, maana intaneti yenyewe haikuwepo, na ndo siku simu ilivunjwa. Ukimwondolea mtu simu humpi maneno. Wale watoto hawakuwa na kitu cha kumwambia baba yao kwenye kochi, siyo kwa sababu hawampendi, ni kwamba kwenye kochi hawajawahi kujenga mazoea naye.

Binti ndo alinifungulia hiyo. Alikuja kibandani siku chache baadaye kuweka protekta, nikamuwekea bure ili aongee. Akasema, "Mjomba, baba akiwa Seronera kule Serengeti tunaongea naye kuliko akiwa hapa." Nikamwambia eleza. Akasema kule baba akipiga anauliza vitu, anataka kujua, hata akiuliza kitu cha kijinga anacheka, afu wanajua anapiga saa 2 kwaiyo mchana kitu kikitokea shuleni unakiweka unasema hiki ntamwambia baba. Akiwa nyumbani yupo tu, hakuna saa ya kumwambia, ukimfuata anaangalia mpira au analala, na akikuita ujue ni kuhusu simu.

Kitoto cha miaka 15 kimechambua kuliko mimi. Maana ukifikiria, ile vidio koli ilikuwa na kila kitu ambacho maongezi yanahitaji, ina saa yake, ina mwanzo na mwisho, kila mmoja ana zamu, na kila mtu anajua ikikata imekata kwaiyo hakuna kuchezea. Kochi halina hata kimoja. Mtu aliyepo muda wote hana saa yake. Shemeji alikuwa anapigana na simu wakati kiti chake kwenye ile familia kilikuwa humo humo ndani ya simu, aliporudi na mwili wake hakuna aliyekuwa amemwandalia kingine, na yeye mwenyewe hakukitengeneza, alitaka kukikuta.

Dada naye nilimsema, sikumwacha. Nilimwambia biashara ni biashara sawa, na ile hela inalisha nyumba, lakini mumeo wiki sita yupo na kila jioni anaona kisogo. Akasema, "Kwani yeye akiwa Ngorongoro anaacha usukani aje kuongea na mimi?" Nikakosa jibu. Kwa shemeji kazi ni kazi kwa sababu inafanyika mbali na ina gari, ya dada inafanyika kwenye kochi kwa kidole basi inaonekana ni mchezo, anachati. Wanaume wengi tuna hilo tatizo na nimelisikia kibandani mara nyingi, mke wangu muda wote yuko kwenye simu, ukifungua ile simu ni oda tupu.

Kuna wanaosema zamani kulikuwa na familia, watu walikaa wanasimuliana hadithi. Mi sikatai, bibi zetu walisimulia kweli, moshi wa jikoni machoni. Lakini tusiongopeane, baba zetu wengi saa 10 jioni walikuwa kilabuni kwenye mbege, wanarudi usiku wanaimba, na hakukuwa na simu wala runinga, Bara hapa runinga imeanza 1994. Na wengine walikuwa wanafanya kazi Dar, Tanga, Mombasa, unamwona Desemba akija na begi na soda, Januari kaondoka. Uchagani tumezoea baba wa Desemba kabla hata ya huyo shemeji kuzaliwa. Kwaiyo tukiilaumu simu kwa kila kitu tunaipa sifa isiyo yake.

Ila pia simu siyo malaika, na hapa naongea kama mtu anayezifungua matumbo kila siku. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikiisha imeisha, unazima. Hizi programu zimetengenezwa zisiishe. Kuna jamaa Mmarekani anaitwa Aza Raskin, 2006 ndo alibuni ule ukurasa ambao ukishusha unakuja mwingine na mwingine haufiki chini, na mwenyewe baadaye akasema hadharani anajuta. Yule kadogo ka miaka 4 asiyekula bila katuni nalo ni suala jingine kabisa, Shirika la Afya Duniani tangu 2019 lilishasema watoto wa umri ule wasizidishe saa moja kwa siku kwenye skrini, na huyu alikuwa anamaliza hiyo saa kwenye uji wa asubuhi tu. Hilo dada alilikubali haraka, akaanza kumlisha nje kwenye ngazi akiangalia kuku. Siku tatu alilia, ya nne akasahau.

Turudi kwenye ugomvi. Alhamisi ile intaneti ikiwa imerudi rudi shemeji akanitumia picha WhatsApp. Nafungua, ni picha ya sale, lile jani letu, kaitoa mtandaoni, imeandikwa chini "mwonyeshe mama watoto". Nilicheka mpaka wateja wakanigeukia. Kwa wasiojua, kwetu ukimkosea mtu sana unampelekea sale, na aliyepelekewa sale hakatai kusamehe. Ila kuna mtu kaona picha ya sale inasamehe? Na akaituma kwangu sababu simu ya aliyekosewa kaivunja yeye.

Sijui nani alimwambia bibi. Nadhani ni wa kati, ana namba yake kichwani. Bibi akampigia shemeji na kile kiswaswadu chake, anaongea kwa kupiga kelele kama vile Kibosho na Soweto wanaonana, akamwambia kwa Kichaga maneno ambayo siyaweki hapa, afu kwa Kiswahili ili watoto nao wasikie, "Sale haipigwi picha. Njoo uikate mwenyewe mpakani mwa kihamba, na uje na huyo mtoto wa kiume akuone unavyoikata." (Kihamba ndo shamba la nyumbani.)

Jumamosi wakapanda, yeye na wa kati. Waliporudi jioni walikuwa na sale, mkungu wa ndizi na tope mpaka magotini, kumbe bibi hakuwapa sale mpaka wamkatie majani ya ng'ombe. Alimpa dada sale kwa mikono miwili, watoto wapo, mi nipo. Dada akaipokea, akaiweka juu ya friji, akasema, "Nimesamehe, na elfu 65?" Akailipa pale pale.

Lakini kitu ambacho wa kati alikuwa anakiongelea ile jioni haikuwa sale. Alikuwa anasimulia njia nzima, baba kateleza kwenye mfereji, baba hajui kufunga mzigo wa majani bibi kamcheka, baba kasema alipokuwa mdogo alikuwa anaiba ndizi za jirani. Dogo ambaye Jumapili iliyopita aliuliza tunaongea nini. Na simu alikuwa nayo mfukoni siku nzima, mtandao upo, ila mkono mmoja una panga na mwingine una majani.

Hapo nikakumbuka 2020. Shule zilifungwa Machi mpaka mwisho wa Juni kwa ajili ya korona na watalii wakakauka kabisa, shemeji alikaa nyumbani miezi na miezi hana hata mia. Walikuwa na njaa, niseme ukweli, mi nilikuwa napeleka unga. Lakini ukiwauliza wale watoto wakubwa wawili ni lini baba alikuwa nyumbani wanataja mwaka huo, siyo hizo lo sizoni zote zilizofuata. Na wanachokumbuka ni banda la kuku, walilijenga wao na baba kwa mbao za kuokota, lilikuwa bovu, limeinama mpaka leo. Wa kati alikuwa na miaka 7 lakini anajua kila msumari kapiga nani. Na simu zilikuwepo 2020, TikTok ilikuwepo.

Shemeji hakuelewa mara moja. Mwisho wa Mei akaja na wazo la kapu, alilisikia sijui wapi, simu zote zinawekwa kwenye kapu saa 1 jioni mpaka saa 3. Nikamwambia hiyo ndo saa ya soko la mkeo, akasema tujaribu. Siku ya kwanza grupu la darasa la binti likatuma kazi ya kesho, akaikosa. Siku ya pili dada akapoteza oda mbili. Siku ya tatu simu iliyolia ndani ya kapu ilikuwa ya shemeji mwenyewe, bosi, wageni wawili wanaingia KIA keshokutwa, akaichomoa haraka kuliko mtu yeyote. Watoto wakaangaliana. Kapu sasa hivi lina vitunguu.

Kilichobaki, yaani kilichoshika, ni vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevikalia kikao. Akiwa nyumbani kadogo anampeleka yeye chekechea, kwa miguu, na kanaongea njia nzima hakanyamazi. Akirudi safari gari likiwa vumbi tupu haliachi tena kuoshewa Arusha, anaomba kwa bosi analala nalo Moshi, wanaliosha na wa kati nusu siku, wanapiga grisi, na binti anawarekodi anatupia TikTok, siku hizi baba mtu anajipozisha na brashi. Na dada anamtuma kupeleka mizigo stendi, kwaiyo ameanza kujua majina ya wateja na bei za magauni, juzi nimemsikia anabishana na konda kama vile biashara ni yake. Mezani simu zipo bado. Siwezi kuwadanganya, binti bado anaishika akila.

Mke wangu alisoma hapa nilipofikia akaniuliza, na wewe je, maana mi simu za wateja nazileta nyumbani, nazifungua mezani pembeni ya sahani, skrubu zinaingia kwenye mchuzi. Nikamwambia hii inahusu watu wengine. Hakucheka.

Agosti ya mwaka ule ule nilipita kwao jioni kupeleka chaja. Shemeji alikuwa Kogatende, nyumbu wanavuka. Saa 2 na dakika kumi simu ya dada ikaita, kioo kipya nilichoweka mimi, binti akatoka chumbani bila kuitwa, wa kati akakimbia nje akarudi na yai, lile banda la kuku wameliongezea mbao na kuku wameanza kutaga, anataka kumwonyesha. Wakajibana wote kwenye kile kioo. Baba akaanza kusimulia habari ya mamba, akafungua mdomo, afu mtandao ukaganda. Sura ikabaki pale pale, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Nikanyoosha mkono nikate ili apige upya, ndo kawaida. Binti akanisukuma mkono.

"Mjomba acha, usikate. Anarudi."

Dada akaendelea kukunja nguo za watoto huku akiangalia. Kadogo kakaibusu ile sura iliyoganda. Wa kati bado kashika yai mbele ya kamera.